Mikroekonomi ya hesabu ku masta: nini kinafundishwa, inaomba nini, na inasaidia nini kwetu

Kila mwaka vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Kisangani vinatoa vijana wenye diploma ya lisansi katika uchumi. Wengi wanatafuta kazi ku benki, ku ONG, ku duane, ao wanafungua biashara yao. Lakini kuko pia wale wanaotaka kuendelea na masta, kisha doktora. Hao ndio wanakutana na somo moja linalotisha wengi: mikroekonomi ya hesabu. Mutu alikuwa na pointi nzuri ku fakilte, anafungua kitabu cha masta, anakuta ukurasa muzima hauna hata neno soko wala neno franka. Kuko tu alama za hesabu, na kisha amri moja fupi: thibitisha.

Katika makala hii tunaeleza somo hilo ni nini, linaomba hesabu gani, ginsi ya kujitayarisha, na juu ya nini linaweza kuwa na maana kwa mukaaji wa jimbo zetu. Familia ambayo inauza ng'ombe ao kipande cha shamba juu ya kulipa masomo iko na haki ya kujua mbele inalipa nini.

MIKROEKONOMI NI NINI?

Mikroekonomi ni sehemu ya elimu ya uchumi inayoangalia mutu mumoja mumoja, nyumba moja moja, kampuni moja moja na soko moja moja. Makroekonomi yenyewe inaangalia inchi nzima: kupanda kwa beyi kwa jumla, deni la serikali, ukosefu wa kazi, thamani ya franka mbele ya dola.

Ku lisansi mwalimu anachora mistari miwili ku ubao, mumoja wa wauzaji na mumoja wa wanunuzi. Pahali inakutana, ndiyo beyi. Ku masta swali linabadilika. Nani amesema mistari hiyo lazima ikutane? Kama inakutana, ni mara moja ao mara nyingi? Na beyi hiyo ni nzuri kwa nani? Kwa kujibu maswali hayo picha haitoshi. Ubao uko na pande mbili tu, beyi na wingi, lakini soko la kweli liko na mamia ya vitu ambavyo beyi zake zinavutana: mafuta yakipanda, motari anapandisha, na mama wa viazi naye anapandisha. Hapo ndipo hesabu inaingia.

ILITOKA WAPI?

Wengi wanafikiri uchumi wa hesabu ni kitu cha Wamarekani. Kusema kweli, sehemu kubwa ya mizizi yake iko katika luga ya Kifaransa, ile tunayosomea. Antoine Augustin Cournot, Mufaransa, alitoa kitabu mwaka 1838 ambamo alitumia hesabu kuonyesha ginsi wauzaji wawili wa maji ya chemchemi wanashindana. Mwaka 1874 Léon Walras, ambaye alikuwa anafundisha Lausanne, Uswisi, alianza kutoa kitabu chake ambamo aliandika masoko yote ya inchi kama milinganyo inayotatuliwa pamoja. Walras huyo, alipokuwa kijana, alianguka mutihani wa kuingia École Polytechnique ya Paris mara mbili, sababu hesabu yake ilikuwa haitoshi. Vijana wetu wakumbuke hilo.

Walras alikuwa amehesabu milinganyo na vitu visivyojulikana, akaona idadi inalingana, lakini hiyo haikutosha kuonyesha kwamba jibu liko. Ilingojea mpaka mwaka 1954. Kenneth Arrow, Mumarekani, na Gérard Debreu, aliyezaliwa Calais kule Ufaransa, walithibitisha kwamba chini ya masharti fulani beyi zinazosawazisha masoko yote ziko kweli. Walitumia teoremi ya hesabu inayohusu nukta isiyosogea. John Nash alikuwa ametumia njia ya namna hiyo mwaka 1950 juu ya michezo ya akili, ile ambamo faida yangu inategemea na mwenzangu anafanya nini. Wote watatu walipata zawadi ya Nobel ya uchumi: Arrow mwaka 1972, Debreu mwaka 1983, Nash mwaka 1994.

MWAKA WA KWANZA UNAFUNDISHA NINI?

Ku vyuo vingi vya dunia, mwaka wa kwanza wa masomo haya ya juu unasimama juu ya mafiga matatu: mikroekonomi, makroekonomi na ekonometri. Kwa mikroekonomi, kitabu kinachojulikana sana ni kile cha Andreu Mas-Colell, Michael Whinston na Jerry Green, kilichotoka mwaka 1995. Kiko na kurasa zaidi ya 900. Kimegawanyika katika sehemu tano:

1. Uamuzi wa mutu mumoja: ginsi mununuzi ao kampuni inachagua.
2. Nadharia ya michezo: ginsi watu wanachagua wakati kila mutu anaangalia mwenzake.
3. Usawa wa soko, na pahali soko linashindwa.
4. Usawa wa jumla: masoko yote pamoja, kazi ya Walras, Arrow na Debreu.
5. Hali njema ya watu wote na vichocheo: ginsi ya kupanga kanuni ili kila mutu, akifuata faida yake, asiharibu ya wengine.

Sehemu ya tatu iko na jambo ambalo mukaaji wa muji wowote atalitambua. Tuchukue moto za okazio. Tuseme nusu ya moto ku soko ni nzuri na thamani yake ni dola 1.000, nusu ni mbovu na thamani yake ni dola 400. Muuzaji anajua moto yake, lakini mununuzi hajui. Mununuzi anawaza katikati, anatoa dola 700. Mwenye moto nzuri anakataa, anarudi nayo nyumbani. Sasa ku soko kumebakia paka mbovu, na mununuzi akishatambua hilo anashusha mpaka 400. Moto nzuri zimepotea ku soko hata kama kuko watu tayari kuzilipa. George Akerlof aliandika jambo hilo mwaka 1970 juu ya magari ya okazio kule Marekani. Magazeti matatu ya wataalamu yaliikataa makala yake mbele ya gazeti la ine kuikubali. Mwaka 2001 ilimuletea Nobel.

TOFAUTI YA KUHESABU NA KUTHIBITISHA

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaangukia, basi tuende polepole.

Tuseme mama mumoja iko na franka 20.000. Kilo ya unga ni 2.000, kipimo cha sambaza ni 4.000. Tuandike furaha yake kama kilo za unga mara vipimo vya sambaza. Achague ginsi gani? Kwa njia ya Lagrange tunapata jibu: nusu ya feza iende ku unga, nusu ku sambaza. Ni kilo 5 na vipimo 2 na nusu, na furaha inafika 12,5. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kilo 6 na vipimo 2: feza inaisha yote, lakini furaha ni 12. Jaribu kilo 4 na vipimo 3: tena 12. Hiyo ni kuhesabu, na mwanafunzi wa lisansi anaiweza.

Ku masta mwalimu anauliza vingine. Kwanza: tunajua aje kwamba chaguo bora kuliko yote liko? Jibu linatoka ku teoremi ya Weierstrass. Kama seti ya vitu ambavyo mama anaweza kununua imefungwa na iko na mipaka, na kama furaha yake inabadilika bila kuruka, basi chaguo bora liko. Lakini kitu kimoja kikiwa bule kabisa, seti haina tena mupaka, na hakikisho linapotea. Mwanafunzi asiyejua neno "seti iliyofungwa" anabakia nje ya darasa tangu juma la kwanza.

Pili: thibitisha kwamba beyi zote na mapato yote yakiongezeka mara mbili, mama hatabadilisha anachonunua. Uthibitisho ni mistari miwili. Kitu alichoweza kulipa mbele, beyi mara wingi haikupita mapato. Ukizidisha pande zote mbili kwa 2, maneno ni yale yale. Seti ya vitu anavyoweza kununua haikubadilika, kwa hiyo chaguo lake bora halibadiliki. Hakuna namba hata moja iliyotumiwa, na jibu linafaa kwa kila mutu na kila soko.

Sasa ona maana yake kwetu. Franka ikishuka na beyi zote zikapanda mara mbili, mwalimu ambaye mushahara wake haukusogea hayuko tena katika uthibitisho huo. Uwezo wake wa kununua umepunguka nusu. Kusema kwamba "beyi zimepanda kwa kila mutu" si kusema kwamba kila mutu ameumia sawasawa.

HESABU GANI INAOMBWA?

Yule aliyetoka ku seksioni ya matematiki-fizika ya sekondari anaanza na faida kidogo. Yule aliyetoka ku seksioni ya biashara ao pedagojia asikate tamaa, lakini ajue iko na njia ndefu zaidi. Vitu vinavyoombwa ni hivi:

- Derive za fonksioni zenye vitu vingi vinavyobadilika, si kimoja tu.
- Aljebra ya vekta na matrisi.
- Kutafuta kikubwa zaidi ao kidogo zaidi chini ya masharti: njia ya Lagrange, na ya Kuhn na Tucker wakati masharti ni ya "isipite".
- Analizi: mifuatano, seti wazi na seti iliyofungwa, seti ambazo hazina kishimo, teoremi za nukta isiyosogea.
- Probabilite na statistiki.
- Kuandika uthibitisho. Hii ndiyo inapungukiwa zaidi, sababu shule zetu zinafundisha sana kufuata formule.

Ku vyuo vikubwa vya ngambo, wale wanaochagua wanafunzi wa doktora wanaangalia sana pointi za analizi. Mwanafunzi aliye na pointi nzuri za uchumi bila hesabu anaweza kukataliwa, na mwenye lisansi ya hesabu ambaye alisoma uchumi kidogo anaweza kupita.

GINSI YA KUJITAYARISHA BILA FEZA NYINGI

Vitabu vya karatasi ni beyi kali, na kuvileta mpaka huku ni beyi nyingine. Lakini kuko vitabu vizuri ambavyo wenye kuviandika wenyewe wameviweka bule ku intaneti, kwa ruhusa. Richard Hammack ametoa Book of Proof, inayofundisha kuandika uthibitisho toka sifuri. Ariel Rubinstein ametoa bule masomo yake ya mikroekonomi ya masomo ya juu. Yeye na Martin Osborne walitoa pia Models in Microeconomic Theory mwaka 2020. Chuo cha MIT, Marekani, kiko na masomo yake mengi bule ku MIT OpenCourseWare, pamoja na ya mikroekonomi ya kiwango hicho. Unashusha mara moja wakati uko na megabaiti, kisha unasoma hata kama hakuna reseau na moto umekatika. Kwa anayesoma Kifaransa tu, kuko kitabu cha Hal Varian, Analyse microéconomique, kilichotafsiriwa, na kile cha Edmond Malinvaud. Uliza ku maktaba ya fakilte yako.

Mupango unaofaa kwa mutu anayefanya kazi muchana ni huu. Miezi mitatu ya kwanza: uthibitisho na aljebra ya matrisi. Miezi mitatu inayofuata: analizi na kutafuta kikubwa zaidi chini ya masharti. Miezi mitatu ya mwisho: sura ya mununuzi na sura ya michezo, na mazoezi yote, si kusoma tu. Saa mbili kila siku ni bora kuliko siku nzima ya posho mara moja kwa mwezi. Andika kila uthibitisho kwa mukono wako, funga kitabu, uandike tena. Ukishindwa, haujaelewa bado, hakuna aibu.

Usisome peke yako. Tafuteni wenzenu watatu ao wane, mukutane kila juma, kila mutu aeleze uthibitisho mumoja mbele ya wengine. Mwenye kuulizwa "juu ya nini?" mara tatu anajua kama iko na jibu. Na anzeni Kiingereza sasa, sababu vitabu vingi na vyuo vingi vya kiwango hicho vinatumia luga hiyo, hata ku inchi za Ufaransa.

WAPI, NA FEZA ITOKE WAPI?

Katika mupango wa LMD ambao inchi yetu imechukua, lisansi ni miaka mitatu na masta ni miwili, kisha doktora. Mbele ya kuandikwa masta yoyote, omba programu ya masomo na uangalie kama kuko mikroekonomi yenye uthibitisho, ao ni usimamizi wa biashara wenye jina la uchumi. Yote miwili ni mizuri, lakini si kitu kimoja.

Katika Afrika, muungano wa AERC, wenye makao Nairobi, unashirikisha vyuo vya inchi mingi katika kufundisha masta na doktora ya uchumi kwa Kiingereza. Kwa inchi za Kifaransa kulianzishwa PTCI, kule Ouagadougou. Vituo vya AIMS, ambavyo vilianza Afrika Kusini mwaka 2003 na viko leo pia Senegal, Ghana, Cameroun na Rwanda, vinatoa masta ya hesabu pamoja na bursi. Hiyo ni njia ya kuzunguka kwa mwenye hesabu anayetaka kuingia uchumi kisha. Ufaransa, chuo cha Toulouse kinajulikana sana kwa mikroekonomi. Jean-Jacques Laffont aliyeanzisha kituo chake cha uchumi aliandika pia juu ya kanuni na vichocheo katika inchi maskini, na mwenzake Jean Tirole alipata Nobel mwaka 2014.

Jambo moja wazazi wengi hawalijui: kule Marekani doktora ya uchumi inachukua kwa kawaida miaka mitano ao zaidi, lakini vyuo vingi vinamulipia masomo mwanafunzi aliyechaguliwa, na kumupatia feza ya kuishi akisaidia kufundisha. Masta ya ngambo, kinyume, mara nyingi inalipwa na familia. Kwa hiyo kilicho kirefu si lazima kiwe beyi kali. Na mutu akikuomba utume feza ku simu yake binafsi kusudi "akuwekee nafasi" ku chuo cha ngambo, ujue ni mwizi.

INASAIDIA NINI KWETU?

Tuseme barierе moja inaomba kodi kwa kila moto yenye mizigo. Kodi ikiwa sifuri, moto 100 zinapita kwa siku. Kila franka 1.000 inayoongezwa, moto 10 zinaacha kupita ao zinapita njia ya kichakani. Kodi ikiwa 8.000, zinapita moto 20, sanduku linapata 160.000. Kodi ikiwa 5.000, zinapita moto 50, sanduku linapata 250.000. Motari analipa kidogo, na sanduku linapata zaidi. Ku 5.000 ndipo derive ya mapato inafika sifuri. Ukipita hapo, kupandisha kodi ni kupoteza.

Namba hizo ni za mfano tu, lakini jambo lenyewe limepimwa katika inchi yetu. Augustin Bergeron, Gabriel Tourek na Jonathan Weigel walifanya utafiti Kananga, Kasaï ya Kati, juu ya kodi ya nyumba. Wenye nyumba walipewa viwango tofauti kwa kura. Matokeo, yaliyotoka katika gazeti Econometrica mwaka 2024, yalionyesha kwamba kupunguza kiwango karibu kwa tatu-moja ndiyo ingeletea serikali mapato makubwa zaidi, sababu watu wengi zaidi wangelipa.

Utafiti mwingine ulifanyika huku kwetu mashariki. Raúl Sánchez de la Sierra, katika makala ya mwaka 2020, aliangalia ginsi wenye silaha walivyofanya wakati beyi ya koltani ilipanda mwaka 2000. Koltani ni nzito, haifichiki, basi walikaa ku mashimo na kutoza kodi pale pale. Zahabu inafichika ku mufuko, basi beyi yake ilipopanda walitoza ku vijiji ambamo wachimbaji wanakula feza yao. Nani anaona nini, na nani anaweza kuficha nini: ni swali lile lile la moto za okazio, lakini hapa limeandikwa juu ya maisha ya watu wetu. Watafiti hao wamezaliwa mbali. Hakuna kanuni inayosema kwamba anayefuata asitoke Walikale, Fizi ao Mahagi.

MIPAKA YAKE

Somo hili liko na mipaka, na wenyewe wanaolifundisha wanaijua. Maurice Allais, Mufaransa, alionyesha mwaka 1953 kwamba mbele ya bahati nasibu watu hawachagui kama formule inavyosema. Hesabu haijui pia kama mama amekimbia kijiji usiku na watoto, isipokuwa mwenye kuandika anaiweka ndani. Uthibitisho unasema tu: kama masharti haya ni ya kweli, basi matokeo haya ni ya kweli. Kazi ya kuuliza kama masharti ni ya kweli ku soko la Kadutu ao la Virunga inabakia ya mutu anayejua soko hilo.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, kama unapenda kuuliza "juu ya nini" mpaka mwisho na hauogopi kukaa siku tatu mbele ya zoezi moja, jaribu. Anza na sura ya kwanza ya kitabu cha bule, mbele ya kuuza kitu chochote. Kama baada ya miezi mitatu bado unataka kuendelea, hapo unaweza kuketi na wazazi na kuzungumuza nao juu ya feza.